Kupima Hali ya Mwamba kwa Hesabu Rahisi: Mwongozo kwa Wanaofuatilia Pweza

Katika vijiji kadhaa vya pwani yetu, Kisiwa Panza kusini mwa Pemba na Songosongo wilayani Kilwa vikiwa miongoni mwake, wanajamii wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa muda, mara nyingi miezi mitatu, ili pweza wakue kabla ya kuvuliwa. Siku ya kufungua, diko, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, hujaa watu, na kila mmoja huwa na maoni yake kuhusu iwapo zoezi limefaa. Maoni hayo yanaweza kupimwa kwa hesabu za shule ya msingi tu: kujumlisha, kugawanya na kupanga namba kwa mfuatano. Kinachotaka uangalifu zaidi ni namna takwimu zenyewe zinavyokusanywa.

Anza kwa swali linalopimika. "Je, bahari yetu iko salama?" ni swali zito lakini halina mizani yake. "Je, pweza wa mwamba uliofungwa ni wazito kuliko wa mwamba ulio wazi?" linajibika. Ukishalipata swali, tenga daftari na kila siku ya kupima uandike tarehe, jina la mwamba, iwapo ni bamvua (maji hupwa na kujaa sana) au maji mafu (hupwa na kujaa kidogo), idadi ya wavuvi, saa walizokaa mwambani, kama walikwenda kwa miguu au kwa kuzamia, na uzito wa kila pweza. Usiandike uzito wa ndoo nzima peke yake, kwa kuwa ndoo ya kilo sita inaweza kuwa na pweza wawili wakubwa au kumi na wawili wachanga, na hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Kubalianeni pia mtapima pweza kabla au baada ya kutolewa matumbo, kwani uzito hupungua akishasafishwa, na daftari lililochanganya hali hizo mbili halilinganishiki.

Iwapo wavuvi ni wengi kuliko uwezo wa mizani, chukua sampuli, lakini usiache watu wajichague, kwa sababu aliyepata pweza mkubwa hujitokeza mwenyewe na aliyepata wadogo hupita pembeni. Amua mapema kwamba utampima kila mvuvi wa tano anayefika dikoni, kisha usibadilishe kanuni hiyo hata kama wa sita amebeba pweza wa kupigiwa picha.

Sasa tuchukue mfano wa kufundishia. Pweza tisa wana uzito wa gramu 350, 420, 480, 500, 560, 610, 640, 700 na 2,900. Jumla ni gramu 7,160, na ukigawanya kwa tisa unapata wastani wa gramu 796 hivi. Hata hivyo, wanane kati ya tisa wako chini ya wastani huo. Pweza mmoja mkubwa ameuvuta juu. Kwa hiyo tafuta pia thamani ya kati, yaani namba inayokaa katikati baada ya kuzipanga kutoka ndogo hadi kubwa: hapa ni gramu 560. Kwa maoni yangu, katika kazi ya dikoni thamani ya kati ndiyo itangulie katika taarifa, na wastani uifuate. Ongeza asilimia ya pweza walio chini ya gramu 500, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa Tanzania. Katika mfano wetu ni watatu kati ya tisa, yaani asilimia 33. Namba hiyo inaonyesha moja kwa moja tishio la kuvua pweza kabla hawajazaa, na kwa kuwa pweza wa mwambani huishi takribani mwaka mmoja, na jike huzaa mara moja tu kisha hufa, anayevuliwa mchanga haachi mbegu yoyote.

Kosa linalopotosha mikutano mingi ni kulinganisha jumla na jumla. Tuseme bamvua moja wavuvi 20 walileta kilo 90, na bamvua iliyofuata wavuvi 36 wakaleta kilo 126. Jumla imepanda, lakini kila mvuvi ameshuka kutoka kilo 4.5 hadi 3.5. Gawanya daima kwa idadi ya wavuvi, na ikiwezekana kwa saa walizotumia. Linganisha bamvua na bamvua pia, kwa maana maji yanapotoka mbali wanawake wanaovua kwa miguu huyafikia mapango ambayo maji mafu huwanyima.

Hata hapo hujathibitisha kwamba kufunga ndiko kumeleta mabadiliko, kwa sababu pweza huongezeka na kupungua kwa majira. Ndiyo maana unahitaji mwamba wa pili, unaofanana na wa kwanza lakini haukufungwa, na vipimo vya kabla na baada kwa yote miwili. Ikiwa uliofungwa umetoka kilo 3 kwa mvuvi hadi 6, na ulio wazi umetoka 3.2 hadi 4, toa ongezeko la 0.8 katika ongezeko la 3: zinabaki kilo 2.2, na hizo ndizo unazoweza kuzihusisha na kufunga, kwa tahadhari. Rudia kwa misimu kadhaa kabla ya kusema kwa uhakika.

Mwamba wenyewe nao upimwe, maana pweza hana makao bila mapango. Tandaza futikamba ya mita 50 mahali palipochaguliwa kwa kura, na kila baada ya sentimita 50 andika kilichopo chini yake: tumbawe hai, tumbawe lililopauka (lililopoteza rangi na kuwa jeupe), kifusi cha matumbawe yaliyovunjika, mwani au mchanga. Zinapatikana nukta 100, hivyo kila nukta ni asilimia moja. Kifusi kingi kilichokusanyika mahali pamoja kinaweza kuwa alama ya uvuvi wa baruti. Kupauka kulikoenea mwamba mzima huashiria joto la maji, kama ilivyotokea Bahari ya Hindi magharibi mwaka 1998 na tena 2016. Fanya kipimo hiki sasa, wakati mwamba una afya, kwa sababu baada ya madhara hakuna hesabu itakayorudisha namba za mwanzo zisizoandikwa.