Kompaila ipo, ila haionekani: kurekebisha PATH ya javac na gcc

Umeandika `javac Habari.java`, umebonyeza Enter, na Windows inajibu hivi:

```
'javac' is not recognized as an internal or external command,
operable program or batch file.
```

Kwenye Linux jibu ni fupi zaidi: `bash: javac: command not found`. Kwa vyovyote vile, usifungue msimbo wako kutafuta kosa. Hakuna hata mstari mmoja wa faili lako uliosomwa, kwa sababu programu ya kuusoma na kuutafsiri, yaani kompaila (`javac` kwa Java, `gcc` kwa C), haijapatikana.

PATH ni orodha ya folda. Ukiandika jina la programu bila kusema iko wapi, dirisha la amri hupitia folda hizo kuanzia ya kwanza, na programu ya kwanza yenye jina hilo ndiyo inayoendeshwa. Kwa hiyo karibu kila tatizo la PATH ni moja kati ya mawili: folda ya kompaila haimo kwenye orodha, au imo lakini kuna nyingine imeitangulia. Wengi hukimbilia kuongeza folda kabla ya kujua ni lipi kati ya haya mawili linalowasumbua, na orodha inazidi kuwa ndefu huku tatizo likibaki palepale.

Hakikisha kompaila imesakinishwa

Java ya kuendeshea programu tu, yaani JRE, haina `javac`. Kompaila inakuja na JDK, kifurushi cha Java cha kutengenezea programu. Mashine nyingi bado zina JRE 8 ya zamani, kwa hiyo `java -version` inajibu vizuri na mtu anaamini ana kila kitu. Fungua cmd, dirisha la amri la Windows, na utafute faili lenyewe:

```
dir /s /b "C:\Program Files\javac.exe"
```

Amri hii hupekua folda zote zilizo ndani ya Program Files. Ikikurudishia kitu kama `C:\Program Files\Java\jdk-21\bin\javac.exe`, nakili mstari huo; utauhitaji. Ikisema `File Not Found`, jaribu pia `C:\Program Files (x86)`. Kama napo hakuna, sakinisha JDK kwanza, maana hakuna PATH itakayokuletea faili ambalo halipo.

Ukishaipata, iendeshe kwa anwani yake kamili, ndani ya alama za kunukuu kwa sababu jina la Program Files lina nafasi katikati:

```
"C:\Program Files\Java\jdk-21\bin\javac.exe" -version
```

Kwenye PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows, tanguliza alama ya `&` na nafasi moja, la sivyo itauchukulia mstari huo kuwa maandishi ya kawaida na kukukosoa. Ukiona `javac 21` na tarakimu zinazofuata, kompaila ni nzima. Kilichobaki ni PATH peke yake.

Iulize mashine inaona nini

```
where java
where javac
```

Amri ya `where` huorodhesha kila programu yenye jina hilo iliyomo kwenye PATH, kwa mpangilio uleule wa kutafutwa. Mstari wa juu ndio unaoendeshwa. Kwenye PowerShell andika `where.exe javac`, kwa kuwa huko neno `where` tupu ni jina la amri nyingine kabisa, na litakaa kimya bila kukwambia lolote. Ukimya huo huwapoteza watu wengi: wanadhani hakuna kitu kilichopatikana, kumbe hakuna kilichotafutwa.

Kuiona orodha nzima, tumia `echo %PATH%` kwenye cmd. Kwenye PowerShell `$env:Path -split ';'` ni nzuri zaidi, kwa sababu kila folda inapewa mstari wake na kosa linaonekana kwa macho.

Kuongeza folda

Kabla ya kubadilisha chochote cha kudumu, jaribu kwenye dirisha moja tu. Kwenye cmd:

```
set PATH=C:\Program Files\Java\jdk-21\bin;%PATH%
javac -version
```

Kwenye PowerShell:

```
$env:Path = "C:\Program Files\Java\jdk-21\bin;" + $env:Path
```

Amri hizi mbili hazibadilishani nafasi. `set PATH=...` ya cmd ukiiandika PowerShell haifanyi kazi iliyokusudiwa. Jaribio likifaulu, fanya mabadiliko ya kudumu hivi:

1. Bonyeza Windows na R pamoja, andika `sysdm.cpl`, kisha Enter.
2. Nenda kwenye kichupo cha Advanced, bofya Environment Variables.
3. Utaona masanduku mawili. La juu, User variables, ni la akaunti yako. La chini, System variables, ni la kila anayetumia mashine hiyo na linahitaji haki za msimamizi.
4. Chagua mstari wa `Path`, bofya Edit, kisha New ndani ya dirisha jipya, na ubandike `C:\Program Files\Java\jdk-21\bin`.
5. Bofya OK kwenye madirisha yote matatu. Ukifunga hata moja kwa alama ya X, huenda mabadiliko yasihifadhiwe.

Halafu funga dirisha la amri na ufungue jipya. Programu hupewa nakala ya PATH wakati inapoanzishwa na hubaki na nakala hiyo mpaka ifungwe, kwa hiyo dirisha lililokuwa wazi halitajua kilichobadilika. Kwenye VS Code, kufunga kidirisha cha terminali kilichomo ndani hakutoshi, maana kinarithi kutoka kwa VS Code yenyewe. Funga programu nzima, uifungue upya. Ikishindikana, toka kwenye akaunti na uingie tena.

Kama bado haikubali, rudi kwenye ulichobandika ukikague. Mara nyingi mtu ameweka anwani ya faili, inayoishia na `javac.exe`, badala ya folda. Au ameishia kwenye `jdk-21` bila `\bin`. Au amezungushia alama za kunukuu. Alama hizo zinahitajika unapoandika amri, ila ndani ya orodha ya Path ziache. Na anayetumia sanduku la zamani lenye mstari mmoja mrefu aangalie asiache nafasi baada ya nukta-mkato.

Wengine hupenda kupitia `JAVA_HOME`, na ni utaratibu mzuri kwa sababu Maven na Gradle, zana za kujenga miradi ya Java, nazo huutumia. `JAVA_HOME` inaishia kwenye folda ya JDK, yaani `C:\Program Files\Java\jdk-21` bila `bin`, kisha kwenye Path unaandika `%JAVA_HOME%\bin`. Mtego wake uko hapa: ukiiweka `JAVA_HOME` kwenye sanduku la mtumiaji halafu ukaitaja kwenye Path ya mfumo, haitafunguliwa, kwa kuwa vigeu vya mfumo hupakiwa kwanza. Ukichapisha PATH utaona maneno `%JAVA_HOME%\bin` yamekaa vilevile. Viweke vyote viwili kwenye sanduku moja.

Usitumie `setx PATH "%PATH%;..."` hata kama umeiona imependekezwa mahali pengi. `setx` hukata thamani yoyote inayozidi herufi 1024, na PATH ya mashine iliyotumika miaka miwili mitatu hupita hapo kwa urahisi. Zaidi ya hayo, `%PATH%` ni mchanganyiko wa orodha ya mfumo na ya mtumiaji, kwa hiyo unamwaga yote kwenye orodha moja. Folda za mwisho zikishakatwa, programu zisizohusiana kabisa na Java zitaanza kupotea, na kuzirejesha ni kazi ya kukumbuka moja moja.

Folda imo, ila inayojibu ni nyingine

Hili ndilo linalochosha zaidi, kwa sababu hakuna ujumbe wa “not recognized”. `javac` inakubali, faili la `.class` linatokea, kisha `java Habari` inalipuka:

```
java.lang.UnsupportedClassVersionError: Habari has been compiled by
a more recent version of the Java Runtime (class file version 65.0),
this version of the Java Runtime only recognizes class file versions
up to 52.0
```

Soma namba hizo: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Maana yake umetafsiri msimbo kwa `javac` ya 21 na unajaribu kuuendesha kwa `java` ya 8. Endesha `where java` na utaona kitu kama hiki:

```
C:\Program Files\Common Files\Oracle\Java\javapath\java.exe
C:\Program Files\Java\jdk-21\bin\java.exe
```

Folda ya `javapath` huwekwa na kisakinishi cha Oracle, na hujiweka mwanzoni mwa Path ya mfumo. Kisakinishi cha Java 8 kikiwa kimeweka `java.exe` yake humo bila `javac.exe`, amri mbili zinaanza kutoka matoleo mawili tofauti.

Kuiongeza JDK kwenye Path yako ya mtumiaji na kuisukuma hadi juu hakutasaidia. Windows huanza na orodha ya mfumo, kisha ya mtumiaji, hivyo aliye wa kwanza kwenye orodha ya pili bado yuko nyuma ya wote wa orodha ya kwanza. Ingia System variables, fungua Path, chagua mstari wa `jdk-21\bin` (au uuongeze hapo), na ubofye Move Up hadi uwe juu ya `javapath`. Unaweza pia kuufuta mstari wa `javapath` kama hakuna programu ya zamani inayoutegemea. Ukimaliza, `java -version` na `javac -version` lazima zitaje namba moja.

Kwenye kompyuta ya chuo au ya ofisi ambako huna haki za msimamizi, tafsiri kwa `javac --release 8 Habari.java`. JDK 21 itatoa onyo kwamba 8 imepitwa na wakati, lakini faili litakubalika na Java ya 8, mradi hujatumia vitu vipya vya lugha.

gcc kwenye Windows

Kwa C na C++ njia ya kawaida ya kupata gcc ni MSYS2, mkusanyiko wa zana za kutengenezea programu kwenye Windows. Kuisakinisha tu hakukupi kompaila. Fungua dirisha lake la UCRT64 na uendeshe:

```
pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc
```

Folda ya kuingiza kwenye Path ni `C:\msys64\ucrt64\bin`. Si `C:\msys64`, na si `C:\msys64\usr\bin`, ambayo ina zana za MSYS2 yenyewe.

Dalili ya ajabu ya gcc ni kukaa kimya: unaendesha `gcc habari.c -o habari`, hakuna kosa, na hakuna `habari.exe`. Andika `echo %ERRORLEVEL%` papo hapo. Ikitoa namba isiyo 0, kuna uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya ndani ya gcc, `cc1.exe`, imekosa maktaba zake za DLL au imepata za programu nyingine yenye majina yaleyale. Hutokea ukiiendesha gcc kwa anwani kamili bila folda yake kuwemo kwenye Path, au kukiwa na programu nyingine iliyobeba MinGW (gcc ya Windows) yake na imetangulia. Endesha `where libwinpthread-1.dll` uone nani yuko mbele.

Programu ikishajengwa inaweza kukataa kufunguka kwenye mashine ya mwenzako kwa kulalamikia `libstdc++-6.dll`. Hiyo nayo ni PATH, kwa sababu kwake hakuna `ucrt64\bin`. Jenga kwa `g++ -static habari.cpp -o habari.exe` na umpe faili moja lililojitosheleza.

Kompaila ya Microsoft, `cl`, usiiongeze kwenye Path kabisa. Inahitaji pia vigeu vya `INCLUDE` na `LIB`, na bila hivyo itapatikana kisha ianguke na `fatal error C1083` ikitafuta `stdio.h`. Fungua Developer Command Prompt kutoka menyu ya Start. Hapo kila kitu kimeshapangwa.

Linux na Mac

Kwenye Ubuntu na Debian, `sudo apt install build-essential default-jdk` huweka kompaila mahali ambapo PATH tayari inapaona. Unapofungua JDK kwa mkono ndipo unapoongeza mstari huu mwishoni mwa `~/.bashrc`, au `~/.zshrc` kwenye Mac:

```
export PATH="$HOME/jdk-21/bin:$PATH"
```

Kitenganishi hapa ni nukta mbili. Ukisahau `$PATH` mwishoni, hata `ls` itapotea; usiogope, andika `export PATH=/usr/local/bin:/usr/bin:/bin` na urudi kurekebisha faili. Baada ya hapo `source ~/.bashrc`, kisha `type -a javac` ikuonyeshe zote kwa mpangilio. Kama bash bado inaendesha ya zamani, imeikariri anwani yake. Amri ya `hash -r` huifuta. Matoleo mawili yaliyosakinishwa kwa apt huchaguliwa kwa `sudo update-alternatives --config javac`. Kwenye Mac, `xcode-select --install` huleta clang, kompaila ya C na C++.

Makosa yanayofanana na PATH

`error: file not found: Habari.java` imeandikwa na `javac` yenyewe, kwa hiyo PATH iko sawa. Uko kwenye folda isiyo yake. Tumia `cd /d D:\kazi`. Bila `/d`, cmd haihami kutoka diski C. Kisha `dir`. Ukiona `Habari.java.txt`, Notepad imeongeza mkia wake na Windows ilikuwa imeuficha.

`Could not find or load main class Habari` huku `Habari.class` ikionekana hapohapo ni suala la kigeu kingine, `CLASSPATH`, ambacho programu fulani ilikiweka zamani bila kujumuisha folda uliyomo. Jaribu `java -cp . Habari`, nukta ikiwemo. Ikikubali, kifute `CLASSPATH` kwenye Environment Variables, maana kisipokuwepo Java hutafuta kwenye folda uliyomo bila kuambiwa.