Sisimizi wamejaa uwanjani baada ya mvua: jinsi ya kujua kilichowatoa

Mvua za kwanza za masika zikishanyesha Dar, simu ninazopigiwa hubadilika. Mende na kunguni wanapungua, inakuja: "Fundi, sisimizi wamejaa uwanjani, njoo upige dawa." Kupiga dawa ya wadudu ndiyo kazi yangu, lakini kwanza namuuliza mteja: wamebeba nini mdomoni? Jibu hilo ndilo linaloamua kama niende na bomba la dawa au nimwelekeze kwa simu tu.

Ukitafuta mtandaoni utakutana na maelezo ya nchi za baridi. Kule sisimizi hujificha ardhini kipindi chote cha baridi, na majira ya kuchipua yakifika, udongo ukipata joto, wanatoka kwa wingi. Sisimizi wekundu wa misitu ya Ulaya hurundikana juu ya kichuguu chao wakiota jua, kisha wanarudi ndani na joto hilo mwilini. Dar hakuna baridi ya kuwafungia. Huku kinachowatoa ni maji: masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba.

Hatua ya 1: Weka ndoo ya maji ya moto chini, uangalie

Chuchumaa pembeni dakika tano. Kama ni usiku, washa tochi ya simu. Wako kwenye mstari au wamekaa rundo? Mstari unatoka wapi? Ukishawamwagia maji ya moto wanatawanyika, na hapo hata mimi nikija sitajua walikuwa wanafanya nini.

Hatua ya 2: Tazama mdomoni

Hii ndiyo hatua kubwa, usiiruke.

Ukiona kila mmoja kabeba kitu cheupe mfano wa punje ya mchele, wanahama. Watu huita mayai, lakini mengi ni mabuu na watoto wanaosubiri kugeuka sisimizi kamili. Mayai yenyewe ni madogo mno, huyaoni kirahisi. Shimo lao limeingia maji. Mabondeni, kama kandokando ya Mto Msimbazi, hili ni jambo la kila masika. Wanatafuta pakavu: chini ya chungu cha maua, kwenye ufa wa msingi, ndani ya boksi la mita. Hapa usipoteze pesa kwenye dawa. Zibua mtaro, ziba nyufa za msingi kwa saruji, waache wapite.

Kama hawana kitu mdomoni lakini matumbo yamejaa na yanang'aa, wamekunywa kitu kitamu. Fuata mstari mpaka mwisho wake, mara nyingi utapanda mti. Geuza jani la mpapai au mpera, utakuta vidung'ata, wale wadudu wenye unga mweupe. Wanafyonza utomvu na kutoa maji ya sukari. Sisimizi wanayanywa, na kwa malipo wanawalinda dhidi ya maadui. Osha majani kwa maji ya sabuni, rudia baada ya siku chache. Vidung'ata wakiisha, mstari nao unakatika.

Hatua ya 3: Wana mabawa?

Jioni baada ya mvua, taa ya barazani huvuta wadudu wenye mabawa, na kila mtu anasema kumbikumbi. Kamata mmoja. Kiuno chembamba, vipapasio vilivyokunjika, mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma: huyo ni sisimizi. Kiuno kinene na mabawa manne yanayolingana: huyo ni kumbikumbi, mtoto wa mchwa, na kama wanatokea ndani ya ukuta au dari, mbao za paa zikaguliwe haraka.

Sisimizi wenye mabawa ni malkia na madume waliotoka kupandana. Madume hufa muda mfupi baadaye. Malkia hukata mabawa yake, hujichimbia shimo, na aina nyingi hulea watoto wa kwanza bila kula chochote, mwili wake ukiyeyusha misuli ya mabawa asiyoihitaji tena. Zima taa, asubuhi fagia. Basi.

Hatua ya 4: Pengine ni vita

Angalia shina la mwembe. Maji moto, wale sisimizi wanaojenga viota vya majani mtini, wako juu, na chini wapo sisimizi wadogo wa kahawia ambao askari wao wana vichwa vikubwa kupita kiasi. Sogea karibu: utaona mmoja kashikwa miguu na kuvutwa pande zote, hakuna anayeachia. Ni ugomvi wa mipaka. Katika miji ya Marekani, sisimizi wa kando ya barabara hupigana hivyo hivyo majira ya kuchipua, kundi moja dhidi ya jingine, na rundo linaonekana juu ya lami.

Mwenye minazi au mikorosho namsihi asiwaue maji moto, maana wanawinda kunguni wa minazi na mbu wa mikorosho, wadudu wanaoharibu mazao hayo.

Hatua ya 5: Kama ni siafu

Mstari mpana, askari wakubwa pembeni wameachama taya. Usisubiri. Mtoe mtoto mchanga na mgonjwa asiyeweza kunyanyuka, fungulia kuku na sungura, kata kamba ya mbuzi. Siafu hawana makazi ya kudumu. Wakiingia ndani hula mende na vitoto vya panya, kisha huendelea na safari, mara nyingi ndani ya saa chache.

Hatua ya 6: Dawa, pale inapobidi

Inabidi pale mstari unapoingia jikoni kila siku. Kupulizia juu ya mstari kunaua waliotoka tu, malkia yuko salama shimoni. Tumia chambo kinachoua taratibu, ili wakibebe hadi kwake. Nunua chenye lebo na kilichosajiliwa na TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kamwe usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, maana mtoto hatajua tofauti.

Kiweke kando ya mstari, mbali na watoto. Usipulizie kitu kingine karibu, na usifute njia yao kwa sabuni mpaka chambo kimalize kazi. Siku ya kwanza wataongezeka. Usishtuke wala usikiondoe, wamekipata na wanaitana.