Namna ya Kuusoma Msimu wa Mbio za Nyika Kabla Haujaanza: Kwa Walimu wa Michezo Mombasa

Kila Januari mwalimu mkuu huniita ofisini na swali lile lile: "Mwalimu, mwaka huu tutafika wapi?" Zamani nilikuwa najibu kwa moyo. Namtazama kijana mmoja mwenye mbio, naahidi kwamba timu itafika Pwani nzima. Siku ikifika tunaishia kaunti ndogo, kijana anasonga mbele peke yake, na mimi natafuta la kumwambia mkuu. Sasa najibu kwa daftari. Utaratibu wenyewe unachukua kama wiki tatu. Vifaa ni baiskeli, stopwochi mbili na kalamu.

Hatua ya 1: Soma waraka

Waraka wa mashindano usiusome juu juu. Andika tarehe za kila ngazi, kuanzia zoni, kaunti ndogo na kaunti, mpaka Pwani ambako utakutana na Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Andika umbali wa wasichana na wa wavulana, wakimbiaji wangapi wanaruhusiwa kuanza na wangapi wanahesabiwa alama. Nakala za vyeti vya kuzaliwa ziombe leo. Kuna mzazi atakwambia cheti kiko kwa nyanya yake mtoto, na nyanya yuko Lamu.

Hatua ya 2: Hesabu waliobaki

Chukua matokeo ya mwaka jana, ukate majina ya waliomaliza Kidato cha Nne. Mwaka huu wa 2026 una lake jambo: hatuna Kidato cha Pili. Mwaka 2025 shule za upili hazikupokea wanafunzi wapya, kwa kuwa kundi la kwanza la mtaala mpya lilikuwa bado Gredi ya 9 katika Sekondari Msingi. Januari hii wameingia Gredi ya 10. Kwa hiyo una Kidato cha Tatu, cha Nne, na hawa wageni. Yule mtoto wa Kidato cha Pili ambaye kwa kawaida ndiye anayekujazia timu hayupo, na hayupo kwa shule pinzani pia.

Basi pita madarasa ya Gredi ya 10. Uliza nani alikimbia huko alikotoka, kisha uliza nani anacheza kiungo kwenye soka na nani anacheza mpira wa mikono. Mabinti wawili bora niliowahi kuwafundisha niliwaokota kwenye mpira wa mikono, na mwalimu wao hajanisamehe.

Hatua ya 3: Pima njia

Wakati bila umbali haukusaidii kitu. Funga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mbele, lizungushe mara moja chini na upime hatua hiyo kwa utepe. Langu ni mita 2.10, hivyo mita 500 ni mizunguko 238. Mmoja anasukuma baiskeli, mwingine anahesabu kwa sauti. Chagua njia yenye nyasi, mchanga na angalau kilima kimoja, hata kama ni tuta tu nyuma ya jiko la shule. Lami haitakuonyesha mkimbiaji wa nyika.

Hatua ya 4: Majaribio mara mbili

Hapa ndipo walimu wengi hukosea, nami nilikosea miaka. Tulikuwa tukiwapima watoto saa 12:30 asubuhi, upepo wa bahari bado mtamu, tukiandika nambari za kufurahisha. Lakini mashindano hayaanzi saa hiyo. Mpaka shule zote zifike, mabasi yaegeshwe na majina yaitwe, ni saa 4 na jua limeshapanda.

Kwa hiyo pima mara mbili, njia ile ile: kilomita 3 kwa wasichana, 4 kwa wavulana. Mara ya kwanza alfajiri. Mara ya pili, siku nne au tano baadaye, saa zile zile za mashindano. Chora safu ya tatu daftarini, uiite "tofauti". Utamwona mmoja amepoteza sekunde 20 na mwenzake dakika moja na nusu. Ukifuata majaribio ya alfajiri peke yake, utamweka mbele huyu wa pili, na siku ya siku atakuangusha.

Sababu si siri. Jasho hupoza mwili linapokauka, na hewa yetu imejaa unyevu kiasi kwamba jasho linadondoka tu bila kukauka. Mwili huzoea baada ya siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto: maji ya damu huongezeka, na jasho huanza kutoka mapema. Mwanafunzi wa bweni aliyefika juzi kutoka bara usimhukumu kabla siku hizo hazijapita.

Asiyeamini nguvu ya joto la hapa akumbuke tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilipofanyika Mombasa Golf Club. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006. Siku ile alisimama mzunguko wa mwisho, akatoka. Zersenay Tadese wa Eritrea akachukua dhahabu. Mimi nilikuwa kwenye umati, shati limenigandia mgongoni, na nilichojifunza ni kwamba hata bingwa hupangiwa kasi na jua. Upande wa vijana, Asbel Kiprop alishinda kilomita 8 na Linet Masai kilomita 6, nao hawakuwa wamewazidi sana wanafunzi wetu kwa umri.

Tahadhari moja. Mtoto akianza kuyumba au kujibu ovyo, majaribio yamekwisha kwake. Mtie kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima, mtafutie gari la hospitali. Stopwochi iweke mfukoni.

Hatua ya 5: Geuza muda kuwa alama

Alama za timu ni jumla ya nafasi, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Tuseme wanaohesabiwa ni wanne. Shule ya kwanza imepata nafasi ya 1, 2, 19 na 24: jumla 46. Shule ya pili imepata 6, 8, 11 na 13: jumla 38. Hawa wa pili hawakuligusa jukwaa, lakini kikombe wamekibeba wao.

Sasa tazama daftari lako. Toa muda wa mkimbiaji wako wa kwanza kwenye muda wa wa nne. Huo mwanya ndio msimu wako. Kwangu mimi, ukizidi dakika mbili kwenye kilomita 4 sitaji kikombe mbele ya mtu yeyote. Kumharakisha nyota wako kwa sekunde 10 pengine kutamwongezea nafasi moja. Sekunde hizo hizo akizipata mkimbiaji wa nne, ambaye yuko katikati ya msongamano, anaruka watu sita au saba. Kisha mtazame wa tano, kwa maana asubuhi ya mashindano kuna anayeamka na malaria na kuna aliyerudishwa nyumbani kwa karo.

Hatua ya 6: Mwezi na maji

Ramadhani inatarajiwa kuandama karibu tarehe 18 Februari mwaka huu, na kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11. Ilinganishe na kalenda ya shule. Ukikuta muda mbovu kwenye daftari la zamani, angalia kwanza kama mtoto alikuwa amefunga. Kwa waliofunga sifanyi majaribio mchana. Tunakimbia polepole nusu saa kabla ya magharibi, tukimalizia karibu na maji na tende. Mabinti wanaokimbia na mitandio wapate jezi nyepesi za mikono mirefu mapema, wazifanyie mazoezi. Jezi mpya huchubua.

Kisha bahari. Mchanga mgumu wa Nyali au Bamburi maji yakikupwa ni kiwanja cha bure, lakini soma mwezi kwanza. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yetu hujaa karibu saa 10 jioni, saa ile ile watoto wanapotoka darasani. Niliwahi kuwapeleka watoto 22 siku mbili baada ya mwezi mwandamo. Tulikuta mawimbi yanapiga ukuta wa hoteli, na mtoto wa mvuvi akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, leo tunaogelea?" Nenda siku moja au mbili baada ya maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, jioni utakuta mchanga uko wazi. Kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo wiki haina nafasi ya kubahatisha.

Ratiba za Iten, kule bara kwa wakimbiaji mashuhuri, usizinakili. Kule ni zaidi ya mita 2,000 juu na baridi ya asubuhi. Wahenga wa pwani walisema usisafirie nyota ya mwenzio.

Hatua ya 7: Andika karatasi moja

Mistari miwili inatosha, na kila mmoja uwe na sharti lake. Yangu ya mwaka huu inasema hivi: "Wasichana: kaunti, nafasi ya 3 hadi ya 5, iwapo mkimbiaji wa nne atashuka chini ya dakika 13 kwenye kilomita 3 za saa 4. Wavulana: kaunti ndogo, basi."

Mwalimu mkuu aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Na yule kijana wako mwenye mbio?" Nikamwonyesha upande wa nyuma, chini kabisa, pale nilipomwandikia mstari wake peke yake kwa kalamu ya risasi.