Bendi ya matarumbeta ikitaka kupiga kwa hisani na kuzunguka mikoani: fanyeni hivi

Bendi nyingi za matarumbeta, za kanisani na hizi za mtaani zinazopiga harusini juu ya kirikuu, zinapiga vizuri sana, ila zikiandaa tamasha la hisani hela yote inaishia kwenye nauli na biriani. Kwa hiyo kabla hata ya kuchagua nyimbo, tenganisheni mifuko miwili. Hela ya safari itoke kwenye michango ya wanabendi na kazi za harusi, hela itakayochangwa siku ya tamasha isiguswe hata kwa maji ya kunywa. Kama mfuko wa safari haujajaa basi safari haijaiva, subirini.

Halafu chagueni kitu kimoja kinachoshikika. Ukimwambia mtu "tunasaidia jamii" atakupa buku, ukimwambia tunanunua vitanda vya wodi ya wazazi ya zahanati ileee, na kitanda kimoja ni bei hii hapa, utashangaa mwenyewe. Lipa namba iwe ya kikundi, sio namba ya mhazini, hata kama ni mtu wa Mungu, na makato myapigie hesabu mapema.

Ruhusa anzeni serikali ya mtaa au kijiji, kisha polisi, maana mtapita barabarani na watu watawafuata. Na lazima mpite barabarani! Tangazo la redio ni zuri, lakini ngoma kubwa ikidunda na tromboni zikilia sokoni siku ya gulio asubuhi, jioni uwanja umejaa wenyewe bila bango.

Usafiri ndo unawashinda wengi. Msihesabu vichwa tu, tuba (lile tarumbeta kubwa kuliko yote) inakula siti yake na ngoma kubwa inakula siti mbili, na msikubali konda awaambie vyote vipande kwenye keria, tuba ikibonyea kutoka Dar mpaka Mbeya, kilomita kama 830 hivi, fundi wa kuinyoosha mtamtafuta sana. Kama mnakodi daladala, muulizeni mwenye gari kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) cha kutoka nje ya ruti yake, muulizeni KABLA ya kulipa advansi. Mie ningeshauri bendi changa ianze na miji ya karibu, mfano Moshi na Arusha ambazo zimeachana kama kilomita 80 tu, mnapiga mnarudi kulala kwenu, gharama ya malazi hamna.

Mkifika, msipige hapohapo. Tarumbeta ikiwa na joto sauti yake inapanda, ikipoa inashuka, sasa mliozoea joto la Dar mkisimama jioni kwenye baridi ya Mbeya mtajikuta sauti yenu iko chini kuliko ya kinanda cha kwaya ya wenyeji, maana kinanda cha umeme chenyewe hakipandi wala hakishuki, na watu watajua kuna kitu hakiko sawa hata kama hawajui ni nini. Pulizeni hewa ya joto ndani taratibu bila kutoa sauti dakika kadhaa, mwageni maji yaliyojikusanya ndani, ndo muoanishe sauti, tena palepale mtakapopigia, sio ndani ya gari. Bebeni vibanio vya nguo vya kubania karatasi za nota kwenye stendi, upepo wa uwanjani hauna adabu.

Ratiba: midomo inachoka. Pigeni kama dakika 35, pumzikeni, hapo ndo mgeni rasmi aongee (mpeni dakika tano na mumkazie, akizidisha watu wanaondoka na hela zao) na mnada uendeshwe. Keki na mbuzi watu wameshazoea, jaribuni kunadi wimbo, anayepandisha dau kubwa anachagua bendi ipige nini, na mabishano ya ndugu wa upande huu na ule yanaleta hela kuliko kapu la michango.

Hela zihesabiwe siku hiyohiyo, akiwepo mtu wa zahanati na mwenyekiti wa mtaa, kiasi kitangazwe kwa kipaza sauti kabla watu hawajatawanyika. Vitanda mnunue nyie wenyewe, mchukue risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), na siku ya kukabidhi mpige picha mzitume kwenye grupu la WhatsApp la waliochanga pamoja na hiyo risiti, ndipo muanze kuongelea mkoa unaofuata.