Jinsi ya kuomba kazi yako ya kwanza ya kufundisha Kiingereza nje ya nchi

Wengi huanza kwa kutafuta tangazo la kazi. Mimi nami nilianza hivyo hivyo. Nikapata shule, nikasaini mkataba, nikaaga watu, halafu nikakaa kusubiri karatasi mpaka muhula ukafunguliwa bila mimi na nafasi akapewa mwingine. Shule haikuwa na kosa. Hati ya tabia njema ya polisi nilikuwa hata sijaiomba, na shahada yangu haikuwa na muhuri hata mmoja. Kwa hiyo hapa tunaanza na pasipoti na karatasi. Tangazo la kazi litafuata.

Hatua ya 1: Jua pasipoti yako inakufungulia mlango gani

Kukijua Kiingereza na kuruhusiwa kukifundisha ni mambo mawili tofauti. Korea Kusini, kwa mfano, ina viza ya walimu wa lugha iitwayo E-2. Kwa Kiingereza, kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Kama nchi yako haimo, usimalize jioni zako kujaza fomu za huko, hata kama Kiingereza umekizungumza tangu utotoni. Sharti hilo linaudhi, ila halibadilishwi na barua nzuri ya maombi.

Japani ina programu ya JET, ya kuajiri walimu wasaidizi wa kigeni katika shule za huko, iliyoanza mwaka 1987, ambayo huchukua watu wa nchi nyingi. Inataka shahada, ya fani yoyote, na haidai uwe umesomea ualimu. Maombi hupitia ubalozi wa Japani nchini mwako, hakuna wakala. Thailand na Vietnam zina mlango mpana kidogo kwa asiyetoka nchi zile saba, mradi athibitishe kiwango chake cha Kiingereza kwa mtihani unaotambulika kama IELTS au TOEFL. Matokeo ya mitihani hiyo hudumu miaka miwili, kwa hiyo usikimbilie kuufanya kabla hujajua unaomba lini.

Masharti haya yasome kwenye tovuti ya ubalozi au ya uhamiaji wa nchi husika. Wakala atakwambia "hilo litawezekana" kwa sababu hilo ndilo linalompa mkate.

Hatua ya 2: Cheti cha kufundishia

Kozi za TEFL, yaani za kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, za saa 120 zimejaa kwenye intaneti, na hakuna chombo kimoja duniani kinachozisimamia zote, kwa hiyo ubora wake unapishana kama mbingu na ardhi. Kwa nchi zinazotaka cheti ili faili likamilike, ya bei nafuu inaweza kutosha. China, kwa mfano, humtaka mwalimu awe na shahada pamoja na uzoefu wa miaka miwili, na cheti cha saa 120 huweza kuziba pengo la uzoefu huo.

Ukiwa na uwezo, chukua kozi ya ualimu wa Kiingereza ya CELTA ya Cambridge au CertTESOL ya Trinity. Zote mbili zinakusimamisha mbele ya wanafunzi halisi kwa jumla ya saa sita, huku mkufunzi amekaa nyuma na daftari lake. Saa sita ni chache mno, lakini ukiulizwa kwenye usaili "umewahi kufundisha?", utakuwa na la kusimulia.

Hatua ya 3: Karatasi, na hapa ndipo muda unapoliwa

Toa pasipoti yako na shahada yako, uziweke mezani ubavu kwa ubavu. Soma majina herufi kwa herufi. Je, pasipoti ina majina matatu na shahada mawili? Kuna "h" iliyozidi? Jina la ndoa upande mmoja na la ubini upande mwingine? Afisa wa viza hatakuuliza maelezo; atalirudisha faili. Tengeneza hati ya kiapo mapema, au omba chuo kirekebishe.

Jambo la pili: usiipige shahada laminesheni. Ofisi nyingi hukataa kugonga muhuri juu ya plastiki, na kuibandua ni kuichana. Kama umeshaipiga, ulizia chuoni namna ya kupata nakala nyingine iliyothibitishwa.

Kisha uthibitisho wenyewe. Nchi zilizomo kwenye Mkataba wa Hague wa mwaka 1961 hutambuliana kwa muhuri mmoja uitwao apostili. China iliingia kwenye utaratibu huo tarehe 7 Novemba 2023, na tangu hapo wanaotoka nchi wanachama wamepunguziwa safari. Ikiwa nchi yako au unakokwenda hawamo, njia ni ndefu: wakili au mthibitishaji wa hati, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ubalozi wa nchi unakokwenda. Kila dirisha lina ada yake na foleni yake.

Hati ya tabia njema ina mtego wa kinyume. Nchi nyingi huikataa ikishapita miezi sita tangu itolewe. Shahada ishughulikie leo. Hati ya polisi iombe pale unapoanza kutuma maombi.

Hatua ya 4: Wasifu na maombi

Kurasa mbili zinatosha. Juu kabisa weka uraia, shahada, cheti cha kufundishia na tarehe unayoweza kuanza, maana hayo ndiyo anayoyatafuta msomaji kabla ya kitu kingine. Kama hujawahi kufundisha darasani, andika ulichokifanya kweli: masomo ya ziada kwa watoto wa jirani, madrasa, shule ya Jumapili, kufundisha wafanyakazi wapya kazini. Taja umri wao na idadi yao.

Tuma kwa msimu. JET kwa kawaida hufungua maombi miezi ya mwisho ya mwaka, na wanaochaguliwa huondoka Julai au Agosti unaofuata. Shule za China hufungua mwaka wa masomo Septemba, za Korea Kusini Machi.

Hatua ya 5: Usaili na somo la majaribio

Hakikisha kwanza saa ni ya kwao au ya kwako. Nimemwona mtu akiamka saa kumi alfajiri kwa usaili uliokuwa wa saa kumi jioni.

Mara nyingi utaambiwa ufundishe dakika kumi mbele ya kamera. Anayeanza hujieleza sana: "Leo tutajifunza wakati uliopo unaoendelea, ambao huundwa na..." Mtoto wa miaka saba ameshalala. Chukua glasi ya maji, kunywa polepole, sema "I am drinking". Fungua kitabu, "I am reading". Kisha kunywa tena, nyamaza, na umwache anayekuhoji akujibu. Wala usiulize "mmeelewa?", kwa sababu jibu ni ndiyo siku zote. Chukua kitabu, sema "I am drinking?" uone kama atakukosoa.

Hatua ya 6: Mkataba

Tofautisha saa za kufundisha na saa za kuwepo shuleni. Ishirini za darasani zinaweza kuficha arobaini za ofisini. Nauli ya ndege: wanalipa kabla, au wanakurudishia ukimaliza mwaka? Nyumba ni yao, na maji na umeme je? Ukivunja mkataba unalipa nini? Nani analipia kibali cha kazi? Omba namba ya mwalimu wa kigeni aliyepo sasa. Shule isiyotaka uzungumze naye, iache. Na wakala halali hulipwa na shule. Akikuomba wewe "ada ya kukuhifadhia nafasi", funga mazungumzo.

Hatua ya 7: Viza

Utaambiwa, "Njoo na viza ya utalii, tutamalizana hapa." Ziko nchi zinazoruhusu kubadilisha viza ukiwa ndani, lakini kuanza kazi kabla ya kibali ni kosa, na anayefukuzwa nchini ni wewe. Kwa China, shule hukutumia kwanza taarifa ya kibali cha kazi, unaipeleka ubalozini kupata viza ya kazi, iitwayo Z, na ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi.

Shule ikiihitaji pasipoti yako kwa shughuli hiyo, wape, chukua stakabadhi, na uulize siku ya kuirudishiwa. Siku hiyo ikifika, nenda mwenyewe ukaichukue.