Namna ya Kujenga Mfumo wa Maarifa wa Kuisaidia Halmashauri Kuamua: Kutoka Chumba cha Seva hadi Mitaro ya Msimbazi

Kabla ya kununua kihisi (kifaa cha kupimia vitu kama kina cha maji) hata kimoja, chukua karatasi uandike uamuzi mmoja ambao ofisi yako huufanya mara kwa mara, na ambao ukikosewa kuna mtu anaumia au fedha zinapotea. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wakuu wa vitengo vya TEHAMA katika halmashauri, wachambuzi wa mifumo na maofisa mipango miji ambao wameagizwa walete jiji janja, yaani jiji linaloendeshwa kwa msaada wa data na kompyuta, wakapewa bajeti ndogo na muda mfupi. Mfumo unaozungumziwa hapa ni programu ambayo, mbali na takwimu, hutunza kanuni na visa (matukio yaliyopita) ambavyo wataalamu huvitegemea wanapoamua, kila kimoja kikiwa na sababu yake. Mfumo wa takwimu utakuonyesha kina cha maji ya mto Msimbazi pale Jangwani, Dar es Salaam. Mfumo wa maarifa utakuambia kwamba kwa kina hicho, ikiwa mvua bado inanyesha kwenye vilima vya Pugu mto unakoanzia, Barabara ya Morogoro ianze kufungwa sasa, na utakuonyesha ni nani aliyesema hivyo na kwa nini.

Tofauti hiyo husahaulika upesi watu wanapokwenda kujifunza kwa wenzao. Jiji la Rio de Janeiro, baada ya mvua na maporomoko ya udongo ya Aprili 2010 kuua watu wengi, lilifungua mwishoni mwa mwaka huohuo kituo cha kuendeshea jiji, ambamo idara nyingi zinakaa chini ya paa moja mbele ya ukuta wa skrini. Wageni hupiga picha ule ukuta. Kwa maoni yangu, kilicho cha kuigwa ni zile taratibu zilizoandikwa za nani anafanya nini mvua ikifikia kiwango fulani, na hizo hazihitaji skrini.

Chagua uamuzi mmoja

Uamuzi unaofaa una mwamuzi anayejulikana, una muda wa mwisho, una njia mbili au zaidi za kuchagua, na hasara ya kukosea inaweza kutajwa. "Kuboresha huduma kwa wananchi" si uamuzi. Katika mwongozo huu tutatembea na mifano miwili. Wa kwanza ni wa ndani ya kitengo chenyewe: umeme umekatika saa nane usiku, jenereta haijawaka, na betri za chumba cha seva (kompyuta kuu za ofisi) zina dakika chache, seva ipi izimwe kwanza, na ipi ibaki hadi mwisho? Wa pili ni wa jiji: wiki mbili kabla ya masika, kikosi kimoja cha usafi kianzie kwenye mtaro upi? Mifano hii inaonekana kuwa mbalimbali, lakini yote miwili inahusu rasilimali chache, muda mfupi, na maarifa yaliyomo vichwani mwa watu wawili au watatu ambao siku moja watastaafu.

Angalia pia kama uamuzi wenyewe una nafasi ya kufanyika. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto, na imefurika zaidi ya mara moja tangu huduma ianze mwaka 2016. Kuyahamisha mabasi ni uamuzi mzuri wa kuwekewa kanuni, kwa sharti kwamba tahadhari itoke mapema kuliko muda unaohitajika kuwaita madereva kutoka majumbani mwao. Kama muda hautoshi, usijenge mfumo wa kutoa tahadhari. Tafuta kwanza maegesho ya juu.

Yavune maarifa kwa wenyewe

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo miradi mingi hukwama. Edward Feigenbaum wa Chuo Kikuu cha Stanford, mmoja wa waasisi wa mifumo ya aina hii, alilieleza hilo tangu zamani: kikwazo kikuu ni kuyatoa maarifa kwa mtaalamu na kuyaandika kwa namna ambayo mashine itayatumia. Mtaalamu mwenyewe hajui anajua nini. Fundi mwandamizi anasikia mlio wa jenereta akiwa getini na kusema kwamba chujio la mafuta limeziba. Ukimwuliza amejuaje, atakujibu kuwa ni uzoefu.

Kwa hiyo usimwulize anafanyaje kazi. Mwulize kuhusu mara ya mwisho: siku ile seva ya mapato ilipozimika, ulianza kuangalia nini, ulitilia shaka nini, na ni kitu gani kingekufanya ubadili mawazo? Kisha mwulize kijana mgeni angekosea wapi, kwa sababu swali hilo humfanya mtaalamu ataje mambo ambayo kwake ni ya kawaida mno kiasi cha kutosemwa. Kaa naye zamu moja au mbili, uandike, na baada ya siku chache umrudishie ulichoandika akisahihishe. Ukiwa na wataalamu wawili, wahoji kila mmoja peke yake kwanza. Ukiwaweka pamoja tangu mwanzo, mwenye cheo ndiye atakayesikika.

Kwa upande wa mitaro, mtaalamu mara nyingi hayumo ofisini. Ni mwenyekiti wa mtaa, mjumbe wa shina, mama anayeuza vitafunwa karibu na kalavati. Nenda kwa miguu, salimia inavyopasa, na badala ya kumpa mzee fomu yenye maswali ishirini mwombe akuonyeshe: "Shikamoo mzee. Mvua ya mwaka 2011 maji yalifika wapi hapa kwako?" Atakuonyesha alama ya tope ukutani, nawe utaipima kwa futi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulifanya kazi kwa njia hiyo: wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mtaa kwa mtaa katika kata za Dar es Salaam zinazofurika, wakaweka mitaro, njia na majengo kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Ramani hiyo ipo na ni ya bure, usianze upya.

Jambo moja dogo litakusumbua kuliko unavyodhani, nalo ni majina. Orodha ya vifaa inasema "Seva 02", mafundi wanasema "ile ya mapato", na mhasibu anasema "mfumo". Mtaro mmoja una jina la mzee aliyekuwa na shamba pale, jina la baa iliyokwisha kufungwa, na namba ya mkandarasi. Tengeneza msamiati wa pamoja wenye jina rasmi moja na majina yote ya mitaani yanayoelekea kwake. Nchini Tanzania operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 imeyapa majengo namba na barabara majina, kwa hiyo kila mahali panapowezekana funga jina la mtaro kwenye anwani hizo.

Andika kanuni ambayo mtu mwingine anaweza kuipinga

Kanuni ya KAMA na BASI pekee haitoshi. Iandike hivi:

Kanuni S-04. KAMA umeme wa gridi umekatika NA jenereta haijawaka ndani ya dakika 3 NA betri zimebaki chini ya nusu, BASI zima kwanza seva ya majaribio, halafu ya nyaraka, na ya mapato iwe ya mwisho. SABABU: hifadhidata ya mapato ikizimika ghafla kurejesha miamala huchukua saa nyingi, ilhali nyaraka hazibadiliki usiku. ALIYEITOA: msimamizi wa seva. IPITIWE TENA: kabla ya mwaka mpya wa fedha.

Sehemu ya sababu ndiyo uhai wa kanuni. Siku mfumo wa mapato utakapohamishiwa kwenye kituo kingine cha data, atakayesoma S-04 atajua mara moja kwamba haifai tena. Bila sababu, kanuni hubaki kama mwiko wa nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kuhama. Mfumo wa XCON, ulioanza kutumiwa na kampuni ya Digital Equipment Corporation mwaka 1980 kupanga vipuri vya kompyuta kulingana na oda za wateja, ulikua kutoka kanuni mia kadhaa hadi maelfu, na sehemu kubwa ya kanuni hizo ikawa inabadilishwa kila mwaka kwa kuwa bidhaa zilikuwa zinabadilika. Panga mshahara wa mtunza kanuni kabla ya kupanga bei ya programu.

Mara nyingi ushahidi hauna uhakika kamili. MYCIN, mfumo wa kutambua maambukizi ya bakteria uliojengwa Stanford katika miaka ya 1970 na Edward Shortliffe na wenzake, ulitumia njia rahisi ambayo bado inafaa: kila ushahidi unaounga mkono jambo hupewa kipimo cha uhakika kati ya 0 na 1, na ushahidi wa pili huongeza uhakika kwenye sehemu iliyobaki tu. Ikiwa taarifa ya fundi kwamba mtaro umeziba ina uhakika wa 0.6, na picha ya mkazi ina 0.5, jumla si 1.1, bali ni 0.6 + 0.5 × (1 − 0.6), yaani 0.8. Hesabu hiyo ni halali pale tu mashahidi hawajaambiana. Picha moja iliyosambazwa na watu kumi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ni shahidi mmoja, na mfumo usiojua hilo utapeleka kikosi mahali penye kelele na kuacha penye maji.

Hesabu isaidie, isitawale

Tuseme una saa 10 za kikosi na mitaro mitatu. Mtaro A una uwezekano wa 0.6 wa kufurika na nyumba 80 ziko hatarini. Kuusafisha kunahitaji saa 8. B una 0.3, nyumba 200, saa 20. C una 0.5, nyumba 40, saa 2. Zidisha uwezekano kwa nyumba, kisha gawanya kwa saa: A unapata 6, B unapata 3, C unapata 10. Hesabu inasema anza na C, kisha A, na saa zako zimekwisha.

Sasa mwite mzee wa kikosi cha usafi. Atakuuliza maji ya A yanakwenda wapi. Ikiwa A unamwaga ndani ya B, kuusafisha A peke yake kutayafikisha maji haraka zaidi mahali palipoziba, na zile nyumba 200 zitayapokea. Mitaro husafishwa kuanzia chini kwenda juu; kila anayeshika koleo analijua hilo, na katika hesabu yetu halikuwamo. Hilo linaingia kama sharti lisilovunjwa, sawa na sharti la kwamba zahanati isikatiwe njia. Masharti hupita kwanza, kisha hesabu huchagua kati ya yaliyobaki, na hapa huenda jibu likawa kusafisha C na kuomba kikosi cha pili kwa ajili ya B. Ombi hilo likiwa na hesabu yake linaweza kupelekwa kwa mkurugenzi.

Pembeni ya kanuni, tunza visa. Kila tukio liandikwe lilivyoanza, lilivyotatuliwa na lilivyoishia, ili tukio jipya litafutiwe linalofanana nalo, suluhisho lake lirekebishwe, lijaribiwe na kuhifadhiwa tena. Kwa dawati la msaada la TEHAMA visa huzaa matunda mapema kuliko kanuni, kwa kuwa malalamiko ya watumiaji hujirudia.

Kuhusu programu nitasema machache. Anza na jedwali la kawaida la kompyuta hadi kanuni zizidi hamsini. Baada ya hapo CLIPS, iliyotengenezwa na NASA katika miaka ya 1980, ni ya bure na inatosha kuendesha kanuni. PostgreSQL pamoja na QGIS zitabeba data na ramani.

Jaribu kwa mvua zilizopita

Usiupeleke mfumo kazini kabla ya kuulisha matukio ya misimu iliyopita, moja moja kwa tarehe, bila kuuonyesha yaliyotokea baadaye. Hesabu makosa ya aina mbili kila moja peke yake: tahadhari iliyotolewa bure, na mafuriko yaliyokuja bila tahadhari. La kwanza linachosha watu na la pili linaua. Hata hivyo, tahadhari za bure zikizidi, watu huacha kuhama, na kosa la kwanza huzaa la pili. Kiwango kati ya mawili hayo kiamuliwe na viongozi kwa maandishi, si na mwandika programu.

Weka kitufe cha kukataa ushauri, na kando yake nafasi ya kuandika sababu. Nimewahi kukaa na kitengo kimoja ambacho kilikuwa kimeondoa kitufe hicho ili "kuongeza nidhamu". Zamu za usiku ziliacha kuufungua mfumo kabisa, na hakuna aliyejua kwa muda mrefu. Sababu za kukataa zipitiwe kila mwezi, maana ndimo kanuni mpya zinamotoka.

Taarifa za wakazi ziguswe kwa uangalifu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Mfumo wa mitaro hauna haja ya kujua jina la aliyetuma picha. Unahitaji mahali, saa, na kama alikwisha kutoa taarifa sahihi siku zilizopita, ambayo yote yanaweza kutunzwa kwa namba isiyomtambulisha.

Mwisho, chapa kanuni zote kwenye karatasi, zenye tarehe ya toleo juu kulia, zibandikwe kwenye chumba cha zamu na kwenye ofisi za mitaa. Mvua ikinyesha kwa nguvu umeme hukatika na intaneti hupotea, na saa hiyo ndiyo S-04 na wenzake wanapohitajika. Toleo jipya likitoka, mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo azunguke kulibandua la zamani kwa mkono wake.