Kichocheo cha paladiamu kwa kaboni dayoksaidi kimiminika: pima joto la chumba kwanza

Kichocheo hiki ni paladiamu iliyotandazwa ndani ya silika, unga wenye vitundu vidogo. Chumvi ya paladiamu huyeyushwa katika kaboni dayoksaidi kimiminika, ndani ya chombo cha presha, nayo huipeleka vitunduni. Juzi kijana mmoja wa maabara hapa Tudor, Mombasa, alinijia amechoka. Mtungi wa gesi umejaa, valvu iko wazi, lakini kwenye kidirisha cha chombo haoni kimiminika. Mtungi hauna kosa. Ni joto.

1. Kausha silika kwa nyuzi 120 usiku kucha.

2. Pima chumvi ya paladiamu. Nitreti na kloridi za kawaida haziyeyuki katika kaboni dayoksaidi kimiminika, usipoteze siku nazo. Mimi hutumia heksafloroasetilasetoneti ya paladiamu, yenye florini nyingi. Florini zake ndizo huifanya iyeyuke. Ni ghali, lakini sibadilishi.

3. Weka silika na chumvi chomboni, kisha ingiza kimiminika. Hapa ndipo nilipopoteza siku tatu. Kaboni dayoksaidi ikipita nyuzi 31, hata uibane vipi haiwi kimiminika. Wakati wa kaskazi, Februari na Machi, chumba chetu hupita hapo kabla ya adhuhuri. Kwa hivyo anza alfajiri. Zamisha chombo kwenye maji ya barafu saa nzima kabla; barafu ya wauza samaki yatosha. Paipu itokayo mtungini nayo uizungushe mizunguko kadhaa ndani ya barafu hiyo hiyo. Wengi hupoza chombo peke yake, kisha wanashangaa kinajaa polepole.

Usijaze kwa kukisia kwa jicho. Pima uzito, uishie nusu ya chombo. Kikijaa pomoni kwenye barafu halafu kikapata joto la chumba, presha hupita baa 200. Chombo kisicho na diski ya usalama, ile ipasukayo presha ikizidi, usikiguse kabisa. Oringi za raba, yaani pete za kuzibia viungo, pia ziache: huinyonya gesi, na ukishusha presha hupasuka. Weka za teflon.

4. Koroga kwa muda wa saa nne, barafu ikiongezwa kila inapoyeyuka. Mvutano wa uso wa kimiminika hiki ni mdogo mno kuliko wa maji, ndiyo maana huipeleka chumvi hadi vitundu vya ndani kabisa vya silika.

5. Toa gesi taratibu, madirisha wazi. Ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Ukiharakisha, barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyoganda, huziba valvu. Ukiona mtiririko umekata ghafla, usidhani chombo ni tupu. Subiri, kisha angalia geji.

6. Pitisha haidrojeni iliyochanganywa na naitrojeni, ili chumvi igeuke kuwa metali ya paladiamu. Unga wa manjano utageuka mweusi. Safisha kwa naitrojeni kabla ya kufungua, na usiumwagie spiriti ukiwa mkavu hewani: huweza kuwaka.